Toroli la juisi linaweza kumzuia mtekaji ndege? Wenye ujuzi naomba mnieleweshe

#1 Kijana wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama Dar kwa matibabu ya macho, tukapandia ndege Songwe. Mama ana miaka 71 na hajawahi kupanda ndege maishani. Kwenye ukaguzi kikapu chake kikapita kwenye mashine, kikarudishwa. Dada wa ukaguzi akaingiza mkono chini ya kitenge akatoa kisu kidogo cha mpini wa mti, ambacho mama anamenyea ndizi tangu mimi sijazaliwa. Makali yake yameliwa na jiwe mpaka kimebaki chembamba kama jani la mgomba changa. Dada alimweleza kwa adabu kabisa kwamba kitu hicho kinakaa kwenye mzigo wa chini, hakiingii ndani na abiria. Mzigo wetu ulishapelekwa. Mama akakiacha. Hakusema neno mpaka tuko juu ya mawingu.

Tulikaa safu ya tatu. Katikati ya safari mhudumu akalivuta toroli la vinywaji mpaka mbele kabisa, akalikingamiza njiani, akasimama nyuma yake akitutazama abiria usoni. Hatabasamu, hagawi kitu. Mlango wa marubani ukafunguliwa, rubani mmoja akatoka, akaingia msalani, mlango ukafungwa. Baada ya dakika mbili tatu akarudi, mlango ukafunguliwa tena, akaingia. Ndipo toroli likageuzwa tukaanza kupewa juisi na karanga.

Mama akaniuliza kile kigari kinamzuia nani. Nikamwambia kinazuia watekaji nyara. Akanijibu: "Kisu changu wamekichukua kule chini, halafu huku juu mlango wanaufungua na kuuziba kwa juisi?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali limenikaa kichwani. Ndege ya abiria inalindwa na nini hasa? Ukaguzi, mlango, au sisi wenyewe tuliokaa ndani?

#2 Mnyalukolo wa Ipogolo
Kamwene mkuu. Mpe pole mama, macho yanaendeleaje?

Mimi nasimamia ukaguzi. Mtu mbaya akishakaa kwenye kiti umeshachelewa. Na kisu cha mama kilichukuliwa kwa haki, usimlaumu yule dada. Walioteka ndege nne kule Marekani tarehe 11 Septemba 2001 walikuwa watu 19, na hawakuwa na bunduki. Walikuwa na visu vidogo vya kukatia maboksi. Kisu cha ndizi ni kikubwa kuliko hivyo.

#3 FundiRiveti
Mleta mada una jicho zuri. Mimi ni fundi wa ndege, kwetu Iyunga, kazi ipo Dar. Kuna mambo sitayaandika hapa na mtanielewa, lakini yaliyo wazi kwa kila mtu nitayasema.

Kabla ya 2001 mlango wa chumba cha rubani ulikuwa mwepesi, ukiupiga teke la nguvu unafunguka. Watoto walikuwa wanaingizwa ndani kuangalia taa na saa. Baada ya Septemba ile, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaweka kanuni: kuanzia tarehe 1 Novemba 2003 ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 60 iwe na mlango unaohimili risasi na mtu wa kuusukuma kwa nguvu, na ukae umefungwa toka milango ya abiria inapofungwa mpaka inapofunguliwa tena watu washuke. Hizi Dash 8 zinazokuja Songwe zina viti 76, kwa hiyo zimo. Airbus A220 ndiyo kabisa.

Mlango hufunguliwa kutoka ndani. Mhudumu akitaka kuingia anapiga simu ya ndani, rubani anahakikisha ni nani, ndipo anafungua. Ipo namba ya siri ya dharura, marubani wakizimia wote, lakini aliye ndani akiwa mzima anaweza kuikataa.

Sasa toroli. Halikuwekwa limshinde mtu, limewekwa limcheleweshe. Mlango unafunguka na kufungwa kwa sekunde chache tu. Mtu akichomoka safu ya tatu, akakutana na chuma chenye magurudumu yaliyofungwa breki, mpaka alivuke mlango umeshajifunga. Wenzetu Marekani mwaka 2023 walipitisha kanuni kwamba ndege mpya za abiria ziwe na kizuizi cha pili, kitu kama geti la kukunja. Maana yake na wao waliona toroli halitoshi.

#4 Sista Zamu ya Usiku
Ndugu Fundi, asante kwa darasa, lakini mbona umeishia kwenye uzuri wa mlango? Mlango huohuo umeshaua.

Tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf. Rubani mkuu akatoka kwenda msalani, kama huyo aliyeonwa na mama wa mleta mada. Rubani msaidizi akabaki peke yake, akafunga kwa ndani, akaishusha ndege taratibu mpaka kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa. Watu 150. Kinasa sauti kilinasa rubani mkuu akigonga, akiita, akijaribu kuuvunja. Mlango ulifanya kazi yake, haukufunguka.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Jirani zetu Msumbiji, tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya LAM kutoka Maputo kwenda Luanda, watu 33, iliangukia Namibia. Rubani msaidizi alitoka kwenda msalani, rubani mkuu akabaki ndani. Sauti za kugonga mlango zimo kwenye kinasa.

#5 Parachichi la Tukuyu
Mwe! Hii ya Msumbiji sikuwahi kuisikia.

Mimi ninayoikumbuka ni ya Ethiopia iliyoanguka Mombasa 1996, watekaji walitaka kwenda Australia. Pale mlango mgumu ungesaidia.

#6 Binti Makambako
@Parachichi, haikuwa Mombasa, ilikuwa Komoro. Nairobi ndiko ilikokuwa inakwenda kutoka Addis Ababa. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767, watu 175, wakafa 125. Mwandishi wa picha wa Kenya, Mohamed Amin, alikuwa humo na hakutoka.

Kwenye hiyo kuna jambo ambalo kila siku linanisikitisha. Watekaji walikuwa watatu, vijana. Silaha walizotumia walizikuta humohumo ndani ya ndege: shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto. Wakasema wana bomu, kumbe ilikuwa chupa ya pombe iliyofunikwa. Kwa hiyo Mnyalukolo, wale ukaguzi wako ungewakuta na nini? Chupa tu.

#7 Mnyalukolo wa Ipogolo
Hapo umenibana binti. Ila chupa hiyo leo isingepita, ingawa siku hizo ilikuwa inapita. Tangu 2006, walipokamatwa watu London na mpango wa kulipua ndege kwa vimiminika, safari za nje kwenye viwanja vingi maji yanaishia mililita 100.

#8 FundiRiveti
Naongezea kwa Binti. Watekaji wale walisoma kwenye jarida la ndege kwamba 767 inaweza kukaa hewani zaidi ya saa kumi. Rubani Leul Abate akawaambia mafuta niliyowekewa ni ya Nairobi na akiba kidogo. Hawakumwamini, waliliamini jarida. Alijaribu kukaa karibu na pwani ya Afrika wakati wao wanataka katikati ya bahari. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, akaitua majini karibu na hoteli ya ufukweni huku wakimng'ang'ania mikono. Na huyo bwana alikuwa ameshatekwa mara mbili kabla ya siku hiyo. Alipona.

Watu wengi hawakuuawa na kishindo. Walijaza upepo jaketi okozi wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi likawapandisha juu, wakabanwa kwenye dari, hawakuweza kupiga mbizi kuufuata mlango. Mhudumu anaposema "jaza ukishatoka nje", anasema kwa sababu ya maiti. Nawaomba tusikilize.

#9 Konda Mstaafu
Fundi hapo kwenye maji umenikumbusha ndege iliyoangukia ziwani Bukoba, Novemba 2022. Watu 43, wakafa 19, na ufukwe unauona kwa macho. Wavuvi ndio walifika kwanza.

#10 Mnyalukolo wa Ipogolo
Ya Bukoba haikutekwa mkuu, tusitoke nje ya mada.

#11 Konda Mstaafu
Najua haikutekwa. Nimeikumbuka tu, kuna jirani yangu alikuwa humo.

#12 Kijana wa Uyole
Pole sana mzee Konda. Wakuu endeleeni, nasoma yote. Mama anapata nafuu, jicho moja limeshafunguliwa.

#13 Mzee wa Pareto
Salaam vijana. Mmezungumza ya Addis na Maputo, mmeisahau ya kwetu. Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu kijana Mafinga. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 26 Februari. Boeing 737 ya Air Tanzania ilitoka Mwanza kuja Dar, vijana wa Kitanzania wakaiteka, wanataka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, kutoka hapo Jeddah, kutoka hapo Athens, mwisho Uingereza, ikatua Heathrow. Sisi walimu tulikusanyika kwa mwenye redio, kila taarifa ya habari mioyo juu. Kulikuwa na mwalimu mwenzetu ambaye mke wake alikuwa asafiri kutoka Mwanza wiki ile, na hakuwa na njia ya kujua kama ni siku ile au siku nyingine. Simu ya kukoroga ilikuwa moja tu pale mjini. Alikaa kwenye benchi la nje siku mbili, hakula. Kumbe mkewe aliahirisha, mtoto alikuwa na homa.

Watekaji walijisalimisha tarehe 28. Na baadhi ya silaha zao, ikaja kujulikana, zilikuwa za bandia, za mbao. Kwa hiyo mimi nasema: aliyeiteka ndege ile ni woga.

#14 Binti Makambako
Shikamoo mzee. Kwa heshima, ilitua Stansted, siyo Heathrow. Waingereza walizoea kuzipeleka kule ndege za namna hiyo.

#15 Mzee wa Pareto
Marahaba binti. Ni kweli, Stansted. Asante.

#16 Konda Mstaafu
Mzee umesema neno. Woga.

Nimefanya kazi ya ukonda miaka 18, Mbeya Dar, Dar Mbeya. Usiku mmoja, msituni kabla ya kufika Mafinga, tukakuta magogo barabarani. Dereva akasimama. Wakaingia sita, mmoja ana gobore, waliobaki mapanga. Humo ndani tulikuwa zaidi ya hamsini, wanaume wazima wengi, kuna na mafundi chuma wanatoka Tunduma, mikono kama shina la mti. Hakuna aliyenyanyuka. Kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aanze. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika spana ya magurudumu chini ya kiti, ninaisikia baridi yake kiganjani, na sikuitoa. Walikaa dakika ishirini, wakaondoka na kila kitu hadi viatu vya mtoto.

Kwa hiyo mtu akiniambia abiria watailinda ndege, namuuliza: abiria gani?

#17 Sista Zamu ya Usiku
Pole sana baba. Usijihukumu kwa spana hiyo. Ungeitoa pengine leo tusingekuwa na wewe hapa.

#18 FundiRiveti
Mzee Konda, nakuheshimu, lakini kwenye ndege hesabu imebadilika, na imebadilishwa na siku moja.

Kabla ya 2001 wote, wahudumu na marubani, walifundishwa mtiini mtekaji, mtatua, mtazungumza, mtatoka. Na kweli mara nyingi ilikuwa hivyo, hata ya kwetu ya 1982 iliisha hivyo. Siku ya 11 Septemba, ile ndege ya nne, United 93, abiria walipiga simu nyumbani wakaambiwa nyingine zimeshapigizwa kwenye majengo. Wakajua kutii ni kufa. Wakainuka. Wote walikufa, lakini ndege haikufika ilikokuwa inapelekwa, iliangukia shambani Pennsylvania.

Na hata kabla ya hapo, tarehe 29 Desemba 2000, British Airways kutoka London kwenda Nairobi, Boeing 747, karibu watu 400. Abiria mmoja mwenye matatizo ya akili aliingia kwa marubani akashika usukani, ndege ikapiga mbizi. Marubani na abiria wa mbele wakamvamia, wakamtoa. Kwenye basi jambazi anataka simu yako na anaondoka. Kule juu hakuna pa kuondokea.

#19 Ruaha Kusini
Habari za usiku. Mimi ni muongoza watalii, Ruaha. Wakati mnajadili milango ya chuma, nawauliza: na sisi wa Caravan?

Ile ndege ndogo ya injini moja inayotua Msembe ina viti kumi na kitu. Hakuna mlango wa rubani. Hakuna hata pazia. Wageni wakijaa, mmoja anakaa kiti cha kulia kwa rubani, usukani wa pili uko mbele ya magoti yake, na anaambiwa tafadhali usiuguse. Nimekaa hapo mara nyingi. Mara ya mwisho nilikaa na mzee wa Kijerumani nyuma yangu, na muda wote wa safari mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa kiti cha rubani, anaangalia tembo wa Mto Ruaha Mkuu. Rubani yuko mbali na abiria umbali wa kumpa mtu pipi.

Sijawahi kuogopa. Lakini baada ya kusoma uzi huu nitaanza kuangalia mikono ya watu.

#20 Parachichi la Tukuyu
Ruaha, hiyo ya pipi imeniingia.

#21 Binti Makambako
Kanuni ya viti 60 ndiyo inayowaacha nje hawa, na sababu ninaielewa: ndege ndogo madhara yake ni madogo na haibebi mafuta mengi. Lakini kwa aliye ndani, ukubwa wa ndege haumpunguzii kifo.

#22 Mnyalukolo wa Ipogolo
Basi tuweke askari. Wawili kila ndege, nguo za kiraia, bastola kiunoni. Waisraeli wanafanya, na mnaona wenyewe kama wanatekwa.

#23 Parachichi la Tukuyu
Risasi ikitoboa ndege si wote tunanyonywa nje? Nimeona kwenye sinema.

#24 FundiRiveti
Hapana, hiyo ya sinema iacheni. Tundu la risasi ni dogo. Ndege yenyewe ina vali ya kutolea hewa kubwa kuliko hilo tundu mara nyingi, na mitambo inaendelea kujaza hewa. Itapiga mluzi, basi. Hatari ya risasi ni abiria aliyekaa nyuma ya mtekaji.

Kuhusu El Al, shirika la ndege la Waisraeli, Mnyalukolo yuko sahihi nusu. Tarehe 6 Septemba 1970 ndege yao ya Amsterdam kwenda New York ilivamiwa na watu wawili. Rubani aliinamisha pua ya ndege ghafla, waliosimama wakapoteza miguu, mtekaji mmoja akapigwa risasi, mwenzake Leila Khaled akakamatwa, wakatua London. Askari walikuwamo, ndiyo. Lakini na mlango ulikuwa umefungwa, na rubani alikuwa na akili. Huwezi kumtoa mmoja ukasema ndiye aliyeshinda.

Halafu wao abiria wanamhoji kwa muda mrefu kabla hajafika kwenye mashine. Umetoka wapi, nani amekupa begi, unakwenda kwa nani. Wanamkagua mtu kwanza, ndipo wanakagua mzigo.

#25 Konda Mstaafu
Hilo la kumkagua mtu ndilo nililokuwa nalitafuta. Konda mzuri anamjua mwizi kabla hajapanda. Anaangalia mizigo ya wengine, ya kwake hana. Anauliza basi linasimama wapi na wapi. Mashine haiwezi kuona hivyo.

#26 Ruaha Kusini
Lakini mzee, jicho linaonea watu pia. Mimi nilishasimamishwa kwenye uwanja mmoja wa nje kwa saa mbili, wenzangu sita weupe wakapita. Walichoniuliza ni jina langu la kati tu, tena na tena. Jina la babu. Kundi lilinisubiri, na mzee mmoja kati ya wageni wangu alilia kwa aibu.

#27 Konda Mstaafu
Hapo sina la kusema. Pole kijana.

#28 Mnyalukolo wa Ipogolo
Mimi narudi getini. Mnafahamu kwa nini watekaji wa ile ndege iliyoletwa Entebbe 1976 walipandia Athens? Ilikuwa ndege ya Air France, imetoka Tel Aviv kwenda Paris. Tel Aviv wasingepita. Athens ukaguzi ulikuwa legelege. Mnyororo hukatikia kwenye pete dhaifu.

Sasa fikirieni. Mtu anaanzia kiwanja kidogo, anaunganisha Dar, anaunganisha Doha. Kama pale pa kwanza walisinzia, ndege tatu ziko hatarini. Mimi mwenyewe kuna kiwanja kimoja, sikitaji, niligundua nikiwa hewani kwamba nina wembe mpya kwenye daftari. Ulipita kwenye mashine pamoja na daftari. Kijana aliyekuwa kwenye skrini alikuwa anaongea na mwenzake. Niliushika ule wembe mfukoni safari nzima kama nimeiba, naogopa nikiutoa wataniona mimi ndiye mbaya.

#29 Kijana wa Uyole
Mkuu uliufanyia nini?

#30 Mnyalukolo wa Ipogolo
Niliutupa chooni nilipotua. Sijamwambia mtu mpaka leo.

#31 FundiRiveti
Ungemwambia mhudumu, angekushukuru, na kiwanja kile kingepata taarifa. Taarifa za namna hiyo ndizo zinazorekebisha viwanja. Ila kwa Dar, abiria anayeunganisha safari ya nje hupitishwa tena kwenye ukaguzi, kwa hiyo pete yako dhaifu ina pete nyingine mbele yake.

#32 Parachichi la Tukuyu
Nina wazo. Kwa nini ndege isiendeshwe kutoka chini? Mtekaji akiingia, rubani anabonyeza kitufe, usukani wa juu unakufa, watu wa chini wanaitua.

#33 FundiRiveti
Wazo siyo geni. Boeing walipata hataza ya mfumo wa namna hiyo mwaka 2006, otopailoti, yaani mtambo unaorusha ndege wenyewe, ambayo ikishawashwa aliye ndani hawezi kuizima. Kwenye ndege za abiria haijawekwa.

#34 Binti Makambako
Na isiwekwe. Leo mtekaji anahitaji tiketi, ujasiri, na kuhatarisha roho yake. Ukiweka kitufe hicho, anahitaji kompyuta na chumba cha kupanga. Umeuhamisha mlango kutoka angani ukauleta mtandaoni, na mitandao yetu tunaijua.

Kuna na swali lingine linanisumbua kama mwanafunzi wa sheria. Yote yakishindikana, serikali iidungue? Ujerumani walitunga sheria ya kuruhusu jeshi kudungua ndege ya abiria iliyotekwa. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama yao ya Katiba ikaifuta. Ikasema huwezi kuwaua watu wasio na hatia ili kuokoa wengine, kana kwamba waliomo ndani wamegeuka kuwa sehemu ya silaha. Nimeisoma mara nyingi na bado sijui ningekuwa hakimu ningeamua vipi.

#35 Mzee wa Pareto
Ningemfikiria yule mwalimu mwenzangu kwenye benchi. Nimwambie mkeo tumemdungua sisi?

#36 Mnyalukolo wa Ipogolo
Na walio kwenye jengo linalokwenda kugongwa mzee, nao wana waume zao.

#37 Mzee wa Pareto
Ndiyo. Wanao.

#38 FundiRiveti
Na jeshi lenyewe liwe macho. Tarehe 17 Februari 2014 rubani msaidizi wa Ethiopian, safari ya Addis kwenda Roma, alimfungia mkuu wake nje alipokwenda msalani, akaipeleka ndege Geneva kuomba hifadhi. Waliosindikiza ni ndege za kivita za Italia na Ufaransa. Za Uswisi zilikuwa hazijafungua ofisi, wakati huo walikuwa wanafanya kazi saa za kazi tu. Akatua salama, akatoka kwa dirisha kwa kamba.

#39 Sista Zamu ya Usiku
Mnaona? Geneva, Alps, Namibia. Mara tatu mtu yuko ndani ya mlango, ana kitambulisho, amekaguliwa, ana funguo. Mmejadili mashine, askari, na kompyuta. Hakuna aliyegusa kichwa cha huyo mtu.

Yule wa Germanwings madaktari walishamwandikia kwamba asifanye kazi siku ile. Karatasi zilikutwa kwake zimechanwa. Alijua akizipeleka kazini urubani umekwisha.

Nitawaambia kisa changu, bila jina la mtu wala hospitali. Alikuja dereva wa lori la masafa marefu, anapita hapa Mbeya kwenda Tunduma mpaka Zambia. Mkewe ndiye aliyemleta, ameanguka kifafa usiku. Mwanaume wa miaka arobaini, mikono bado ina grisi, kitambaa amekiuma mpaka kimechanika. Alipopata fahamu, neno la kwanza hakuuliza nina nini. Aliniomba: "Sista, usiandike kwenye kadi." Akasema ana watoto wanne na lori si lake. Nikaandika, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Daktari akamwambia asiendeshe. Akaondoka na kadi yake. Wiki ya pili nikamwona pale Mwanjelwa, amekaa nyuma ya usukani, ananunua ndizi kupitia dirishani. Tulitazamana. Akageuza uso.

Nikipanda basi la usiku namfikiria yeye. Mtu mgonjwa akijua ukweli utamnyima ugali, ataficha. Rubani ni mtu. Ukitaka kuilinda ndege, mhakikishie mgonjwa kwamba akisema atatibiwa na mshahara utaendelea. Mimi huo ndio mlango ninaouamini.

#40 Konda Mstaafu
Sista, umeandika maisha yetu. Madereva niliofanya nao kazi, wawili walikuwa wanaficha. Mmoja sukari, mwingine macho.

#41 FundiRiveti
Sista sikupingi, ila rubani hupimwa afya kwa ratiba na daktari aliyeidhinishwa. Siyo kadi ya kwenda nayo nyumbani.

#42 Sista Zamu ya Usiku
Yule wa Alps naye alipimwa, ndugu yangu. Mwili unapimwa. Huzuni mtu anaulizwa, na anajibu anavyotaka.

#43 FundiRiveti
Kweli.

#44 Binti Makambako
Baada ya Alps si waliweka sheria ya watu wawili? Rubani akitoka, mhudumu anaingia kukaa na aliyebaki?

#45 FundiRiveti
Mamlaka ya Ulaya ilipendekeza hivyo mwezi uleule, mashirika mengi yakafuata. Baadaye ikalegezwa, kila shirika lipime lenyewe. Baadhi wameendelea, baadhi wameacha. Walioacha wanasema kila mtu wa ziada anayeingia ni mlango kufunguliwa mara nyingine.

#46 Kijana wa Uyole
Wakuu, narudi na habari. Tumetua Songwe leo asubuhi, mama anaona vizuri, ameniambia shati langu limefifia. Ndaga fijo kwa wote mliomwombea.

Nimemwomba tukae mbele tena. Safari hii rubani alipotoka, toroli lilikingamizwa kama mwanzo, lakini kulikuwa na wahudumu wawili. Mmoja akabaki na toroli. Mwingine akaingia kwa marubani, mlango ukafungwa naye ndani, mpaka rubani aliporudi ndipo akatoka. Mama ndiye aliyemwona kwanza, kwa jicho lake jipya. Akaniambia: "Leo wamemwachia mtu wa kumchunga."

#47 Sista Zamu ya Usiku
Mungu ni mwema, mama anaona! Huyo mhudumu mle ndani anaweza kufanya nini lakini, kurusha ndege hajui.

#48 FundiRiveti
Kurusha haimhusu. Anatakiwa aweze kufanya kitu kimoja, kumfungulia mlango aliye nje.

#49 Ruaha Kusini
Na yeye huyo mhudumu, nani amemkagua?

#50 FundiRiveti
Mashine kama ileile iliyokamata kisu cha mama, kwenye mlango wa wafanyakazi. Mimi mwenyewe napita hapo kila siku, na bisibisi zangu zinahesabiwa nikiingia na nikitoka. Naingia zamu sasa hivi, nitarudi usiku.